Altrasaundi ya moyo kwa wanyama wadogo: namba zikikataa, anza kukagua hapa

Hii nawaandikia wenzangu wa huku kwetu Mtwara na Lindi, madaktari wa mifugo, maafisa mifugo, vijana wa maabara na wanafunzi walioko fildi. Ukishakuwa na mashine ya altrasaundi, hata kama ilinunuliwa kwa ajili ya mimba za mbuzi tu, ipo siku utaletewa mbwa anayekohoa usiku au paka anayehema mdomo wazi na utaulizwa moyo wake ukoje, na pale ndo shida zinapoanza, picha haitoki, au inatoka ila namba ya leo na ya jana haziendani, au namba inasema mnyama yuko mahututi wakati mwenyewe kasimama anatikisa mkia. Msimamo wangu ni mmoja: moyo uwe wa mwisho kushutumiwa. Kagua kwanza ngozi na jeli, halafu mkono wako, halafu mashine, halafu dawa na joto la mwili wa mnyama, ukimaliza hayo na namba bado ni mbaya ndo useme moyo unaumwa.

Na kabla hujagusa probu (kile kichwa cha mashine kinachogusa mwili) andika vitu vitatu kwenye karatasi: uzito wa kupima kwenye mzani, dawa aliyopewa na saa aliyopewa, na mapigo ya moyo kwa dakika (haya utayarudia wakati wa kupima). Namba ya moyo isiyo na hivi vitatu mimi siihesabu kama kipimo, na chini nitaonyesha kwa nini.

Picha nyeusi, au ukungu mtupu

Mara nyingi ni hewa. Mawimbi ya altrasaundi yakikutana na hewa yanarudi karibu yote, hayapiti, na manyoya yanashika hewa nyingi kuliko unavyodhani. Kwa hiyo nyoa. Kwa mbwa na paka nyoa kifua upande wa kulia, ubavu wa tatu mpaka wa sita, chini karibu na mfupa wa kifua, pale ambapo ukiweka kiganja unasikia moyo unagonga. Kwa panya wa maabara tumia ile krimu ya kuondoa nywele, ila usiiache muda mrefu maana inaunguza ngozi, ifute na pamba yenye maji ya uvuguvugu. Jeli weka ya kutosha, na chupa isitikiswe, hifadhi imesimama kichwa chini, maana mapovu nayo ni hewa na kila povu linakutengenezea kivuli.

Kuna wanaolowesha manyoya na spiriti badala ya kunyoa. Inasaidia kweli kupata picha, lakini spiriti inaharibu sura ya mbele ya baadhi ya probu, ule mpira unakauka na kupasuka, kwa hiyo soma kitabu cha mashine yako kwanza. Na kwa panya usiitumie kabisa kifuani, inakauka haraka na kumpoza, na panya aliyepoa moyo wake unapunguza mwendo, nitalirudia hili.

Sababu ya pili ni mapafu. Mbwa akihema kwa joto mapafu yanajaa na kuingia kati ya probu na moyo, picha inakuja sekunde moja inapotea, inakuja inapotea. Huku pwani joto likishikana na unyevu, kama mbwa katembezwa mchana kutoka Chuno mpaka Shangani akifika tu ukamlaza mezani hutapata kitu. Mwambie mwenye mbwa aje asubuhi, mbwa apumzike kivulini mpaka ulimi urudi ndani. Na utulivu wake unategemea sana anayemshika. "Shikamoo mama, naomba umshike hapa kichwani umsemeshe." "Marahaba mwanangu, ila huyu akiona sindano anakuwa mkali." "Leo hakuna sindano mama, wewe msemeshe tu kama mkiwa nyumbani." Ukimpata mwenye mbwa mtulivu umeshaokoa nusu ya kazi na pengine umeokoa na dawa ya usingizi, ambayo ndo adui mkubwa wa hizi namba.

Kitu ambacho kimenisaidia kuliko vyote ni meza yenye tundu. Fundi seremala yeyote anaweza kukukatia plaiwudi tundu la ukubwa wa kiganja karibu na ukingo wa meza, alainishe kingo na msasa. Mbwa analazwa ubavu wa kulia juu ya tundu, wewe unapitisha probu kutokea chini. Akilala hivyo moyo unashuka kwa uzito wake na kugusa ukuta wa kifua, na pafu linasogea pembeni, picha ambayo ulikuwa unaitafuta kwa dakika nyingi inakuja yenyewe.

Ya tatu ni mbavu. Ukiona michirizi myeusi inayoteremka kutoka juu mpaka chini, na inahama ukisogeza mkono, hivyo ni vivuli vya mifupa. Probu ya wajawazito ina uso mpana uliopinda, ile ndefu ya ng'ombe nayo imenyooka, zote mbili kwa paka zinakaa juu ya mbavu mbili tatu kwa pamoja. Kwa moyo inatakiwa probu yenye uso mdogo inayofungua picha ya pembetatu, au ile ndogo iliyopinda. Kama huna, izungushe ifuate mstari wa nafasi kati ya mbavu, utapata dirisha jembamba, linatosha kuona kama kuna maji kwenye mfuko wa moyo na kama moyo unabana, ila usikae kupima milimita hapo.

Moyo naona, ila unarukaruka na namba zinabadilika kila nikipima

Hapa ndo pana mambo mengi, na ndo panapowaangusha watu wa maabara zaidi kuliko wa kliniki, sababu moyo wa panya mdogo (mouse) una kasi ya ajabu. Panya mdogo aliye macho mapigo yake yanapita 600 kwa dakika, chini ya usingizi mzuri anakuwa kwenye 400 na 500 na kitu. Chukua 500: hiyo ni pigo moja kila milisekunde 120. Mashine inayokupa fremu 30 kwa sekunde inapiga picha moja kila milisekunde 33, kwa hiyo kila pigo unapata picha tatu au nne tu, na nafasi kwamba moja kati ya hizo imeangukia pale pale moyo umebana kabisa ni ndogo. Matokeo yake unapima moyo ambao haujamaliza kubana, chumba kinaonekana kikubwa, unaandika kwamba nguvu ya moyo imepungua. Panya mzima anapewa ugonjwa.

Tiba yake inaanzia kwenye kina. Mawimbi yanasafiri kwenye nyama kwa mita 1540 kwa sekunde, kwenda na kurudi sentimita moja ni mikrosekunde 13. Kina kikiwa sentimita 15 mstari mmoja unakula mikrosekunde 195, na kama fremu ina mistari 100 unapata fremu kama 51 kwa sekunde, haiwezi kuzidi hapo kama mashine inapiga mstari mmoja mmoja. Punguza kina mpaka sentimita 4, mstari ni mikrosekunde 52, fremu zinaweza kufika 190. Mtu anaacha kina cha sentimita 15 ambacho kiliwekwa kwa ajili ya mimba, moyo wa paka umekaa juu kabisa kwenye skrini mdogo kama punje ya korosho, chini kote ni giza lisilo na kazi, na anashangaa kwa nini picha inakwama. Punguza kina, bana upana wa picha ubaki na moyo tu, zima rangi ya Dopla (ile inayoonyesha mwendo wa damu), fokasi iwe moja siyo tatu, na angalia ile namba ya fremu pembeni ya skrini ikipanda.

Halafu hamia M-modi. Kwenye M-modi mashine inaacha kuchora picha nzima, inapiga mstari mmoja tu tena na tena, mara mamia hadi elfu na zaidi kwa sekunde, ndo maana hata leo kwa moyo wenye kasi haijapitwa. Na hii ndo njia ya kwanza kabisa iliyotumika kuuona moyo kwa altrasaundi, Inge Edler na Carl Hellmuth Hertz kule Lund, Uswidi, mwaka 1953, kwa mashine ambayo kazi yake ilikuwa kukagua nyufa kwenye vyuma. Mistari inayochorwa ni ile ile, ukuta wa kati (unaotenganisha kulia na kushoto) unashuka, ukuta wa nyuma unapanda, unapima nafasi kati yao ikiwa pana zaidi na ikiwa nyembamba zaidi.

Kasi ya kuchora nayo iangalie. Ikiwa taratibu mapigo yanabanana kwenye skrini mpaka kesa (alama ya kupimia kwenye skrini) haijui pa kukaa, weka milimita 100 kwa sekunde au zaidi kwa wanyama wadogo.

Sasa suala la ukubwa wa masafa (mara ngapi wimbi linatetemeka kwa sekunde), na hapa nawaomba vijana wa utafiti mnisikilize. Urefu wa wimbi ni mwendo wa sauti gawanya kwa masafa. Probu ya megahezi 5 wimbi lake ni milimita 0.31, ya megahezi 10 ni 0.154, ya megahezi 40 ni kama 0.04. Mpigo mmoja wa probu una mawimbi mawili matatu, na uwezo wa kutenganisha vitu viwili kwenye kina ni kama nusu ya urefu wa huo mpigo, kwa hiyo kwa megahezi 10 unaongelea milimita 0.15 mpaka 0.23. Ukuta wa moyo wa panya mdogo una unene wa kama milimita moja. Yani probu ya kliniki inaweza kukosea ukuta huo kwa asilimia 15 au 20 na isiwe kosa la mtu. Angalia na chumba chenyewe: kikijaa milimita 4.0, kikibana 2.6, FS, yaani asilimia ambayo chumba kinapungua kikibana (upana wa kujaa toa upana wa kubana, gawanya kwa upana wa kujaa, zidisha mara 100) ni asilimia 35. Ukikosea milimita 0.2 tu kwenye kubana, ukasoma 2.8, FS inakuwa 30. Tofauti ya asilimia tano ambayo mtu anaweza kuiandikia ripoti kwamba dawa ya majaribio imefanya kazi! Kwa panya wadogo maabara kubwa zinatumia probu za megahezi 30 mpaka 40 na zaidi. Kama unayo ya 10 au 12, fanya panya wakubwa (rat) au sungura, utapata kitu cha kutetea.

Ukuta mnene kupita kiasi

Umempima paka, ukuta ni milimita 6 au zaidi moyo ukiwa umejaa, na kwa paka milimita 6 ndo mpaka ambao watu wanaanza kusema misuli ya moyo imenenepa. Subiri kwanza.

Je, mstari umekata ukuta wima? Ukikata kwa mshazari kila kitu kinakuwa kinene, ukuta na chumba vyote. Rudi kwenye picha ya kukata moyo kwa upana, ventriko ya kushoto (chumba cha chini kinachosukuma damu mwilini) inatakiwa iwe duara. Ikiwa yai, mkono umepinda, zungusha taratibu mpaka iwe duara, halafu ndo mstari upite katikati, kati ya ile misuli miwili ya papila inayoonekana ndani ya chumba. Msuli wa papila ukiingia kwenye mstari unaungana na ukuta wa nyuma na unakuongezea milimita kadhaa za bure. Vile vile zile nyuzi za vali ya mitro (mlango wa kuingia ventriko ya kushoto) zinang'aa sambamba na ukuta, ukizihesabu ndani umeongeza tena. Njia ya kuzitofautisha ni kutazama mwendo, ukuta unanenepa moyo ukibana, uzi haunenepi.

Je, geini (mwangaza wa picha) iko juu? Dirisha liko wazi, jua la saa nne linapiga kwenye skrini, mtu anapandisha geini ili aone, na kila mstari unavimba. Funga pazia, shusha geini mpaka damu ndani ya chumba iwe nyeusi.

Je, paka ana maji mwilini? Hili kwa hali ya hewa yetu ni kubwa sana. Paka aliyetapika au kuharisha siku mbili, au aliyefungiwa kwenye boksi juani kwenye basi la kutoka Newala, damu inayorudi kwenye moyo imepungua, chumba kinasinyaa, na kuta zinaonekana nene wakati misuli ni ile ile. Bana ngozi ya shingo uone inavyorudi, gusa fizi kama zimekauka, mpe maji kwa taratibu zake, halafu pima tena siku nyingine kabla hujamwambia mtu paka wako ana ugonjwa wa moyo wa maisha. Kwa paka mzee pima na presha na uulizie tezi ya shingo, hizo nazo zinanenepesha ukuta kikweli ila chanzo hakiko kwenye moyo.

FS iko chini

Mbwa wengi wazima wako kati ya 25 na 45, mbwa wenye miili mikubwa wanaweza kuwa chini kidogo ya hapo na hawana shida. Paka kwa kawaida yuko juu ya 30.

Ikitoka chini, swali la kwanza ni dawa. Zailazini, dawa ya kulaza mnyama, ndo dawa iliyopo kwenye mabegi mengi ya fildi, na kwa kupima moyo ni mbaya. Inabana mishipa, inashusha mapigo, ventriko inatanuka na FS inaporomoka, na vali ambayo haivuji inaweza kuonekana inavuja kidogo. Mbwa uliyempima na zailazini hujampima moyo, umeipima zailazini. Kwa panya mdogo mchanganyiko wa ketamini na zailazini unaweza kuyashusha mapigo mpaka chini ya 300, na FS ya hapo huwezi kuilinganisha na ya panya mwingine aliyekuwa 480. Isoflureni, gesi ya usingizi, ni bora zaidi, ukimshikilia kwenye asilimia 1 mpaka 1.5, ila nayo ikizidi inalegeza moyo. Mbwa wengi hawahitaji dawa yoyote, wanahitaji mtu wao, kivuli na muda.

Swali la pili ni joto, na hapa watu wa pwani tunajidanganya kwamba huku hakuna baridi. Chumba cha maabara kina kiyoyozi, panya kanyolewa kifua, kapakwa jeli iliyotoka kwenye kabati, yuko usingizini hawezi kujipasha, ndani ya dakika chache joto la mwili linashuka na mapigo yanafuata. Jeli ipashe kwenye maji ya uvuguvugu, mlaze panya kwenye sahani ya kupasha, kipimajoto kikae nyuma, njia ya haja kubwa, kisome karibu na 37. Mapigo ya panya mdogo yakishuka chini ya 400 simama, rekebisha joto na gesi, subiri yapande, ndo upime. Na panya wote wa kikundi wapimwe mapigo yakiwa karibu sawa, la sivyo unalinganisha usingizi wao tu.

Swali la tatu ni ule mkato, moyo uliokatwa karibu na ncha yake unadanganya. Ukiwa na uhakika na hayo yote na FS bado iko 15 kwa mbwa aliye macho, mapigo ya kawaida, chumba kimetanuka, basi hapo ndo moyo wenyewe unaongea.

FS ya juu mno

Watu wanafurahi wakiona 55, wanasema moyo una nguvu. Kwa mbwa mzee mdogo wa umbo, vali ya mitro ikivuja damu nyingi inarudi nyuma kwenye atriamu (chumba cha juu) ambako hakuna presha kubwa, kwa hiyo ventriko inabana kirahisi na FS inapanda. Mbwa wa hivyo mwenye uvujaji mkubwa akija na FS ya 30 ndo unatakiwa uogope. Upungufu wa damu nao unafanya moyo ukimbie na kubana sana, na huku kwetu kupe ni wengi, kwa hiyo angalia fizi kabla ya skrini. Na mbwa aliyeogopa tu, mapigo 180, FS itapanda. Mwache atulie.

Mistari ya M-modi inapanda na kushuka taratibu

Hiyo ni pumzi, na hakuna haja ya kuhangaika. Pima mapigo yaliyotokea mwisho wa kutoa pumzi, chukua matatu mpaka matano, toa wastani. Ukiwa na waya za ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ziunganishe, zinakuonyesha lini moyo umejaa. Kama mistari inakatika ghafla badala ya kupanda taratibu, ni mkono wako umeteleza, egemeza kiwiko mezani.

Ukuta wa kati unaenda kinyume

Badala ya kuta mbili kukaribiana, ule wa kati unaenda upande ule ule na wa nyuma. Hakikisha kwanza mstari uko wima na mapigo yana mpangilio. Kama ni sahihi, fikiria upande wa kulia wa moyo umezidiwa mzigo. Na sisi tunaishi na mbu mwaka mzima, kuna mnyoo wa moyo wa mbwa, Dirofilaria immitis, unaoenezwa na mbu, kwa hiyo elekeza probu kwenye mshipa mkubwa unaokwenda mapafuni na chumba cha kulia. Mnyoo mkubwa unaonekana kama vistari viwili vyeupe vifupi sambamba, alama ya sawasawa ya hesabu, vinacheza na damu. Usipoviona haimaanishi hayupo, chukua damu pia.

Chenga, michirizi na skrini inayotetemeka

Chomoa chaja, washa kwa betri. Chenga zikipotea shida ni umeme wako siyo probu, na kazi inakuwa kutafuta waya wa ethi, kuchomoa chaja za simu na taa za bei rahisi kwenye ekstensheni hiyo hiyo, na kutotumia jenereta bila stabilaiza. Kama betri ya mashine bado nzima, moyo upime kwa betri tu siku zote.

Chenga zikibaki hata kwa betri, angalia pini za kuungia probu. Ukiwa Mikindani au Shangani upepo wa bahari unaleta chumvi, pini zinashika ukungu wa kijani. Probu zihifadhi kwenye boksi linalofunga, na vile vipakiti vya kukausha unyevu ndani. Halafu kuna ule mstari mweusi mmoja unaokaa pale pale hata ukihamisha probu kwa mnyama mwingine. Hicho siyo kivuli cha ubavu, ni kipande cha probu kimekufa. Kukijaribu paka jeli kidogo, buruta kibanio cha karatasi taratibu kwenye uso wa probu bila kukandamiza, kila sehemu nzima itamulika kwenye skrini, iliyokufa itakaa kimya.

Mimi napata hivi, mwenzangu anapata vile

Mara nyingi wote mko sahihi, ila mmepima kutoka sehemu tofauti. Kuna anayeweka kesa kwenye ukingo wa juu wa mstari wa ukuta mpaka ukingo wa juu wa mstari unaofuata, na kuna anayeweka ndani kwa ndani. Kwa panya mdogo unene wa mstari wenyewe ni sehemu kubwa ya kipimo. Kubalianeni njia moja, muiandike ukutani. Hivyo hivyo kwa uwiano wa atriamu ya kushoto na aota (mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni), kwa mbwa 1.6 kwenda juu ndo tunasema imetanuka, lakini upime vali ya aota ikiwa imefunga tu, anayepima kwenye fremu nyingine atapata namba nyingine.

Mapigo yakitoka nusu au mara mbili ya yale uliyohesabu kwa stetoskopu, angalia seti ya mashine, kuna zinazotaka uweke kesa kwenye pigo moja na nyingine kwenye mawili.

Halafu uzito. Nimesema upimwe, usikisiwe, na hesabu ni hii. Kwa mbwa upana wa ventriko ukijaa, kwa sentimita, unagawanywa kwa uzito wa kilo uliopandishwa kipeo cha 0.294, ikifika 1.7 kwenda juu kwa mbwa mwenye vali inayovuja tunasema moyo umetanuka. Mbwa ana sentimita 3.2. Ukikisia kilo 8 unapata 1.74, umemwanzishia dawa za kila siku. Akipanda mzani akawa kilo 10 unapata 1.63, bado yuko chini ya mpaka. Mzani wa magunia ya korosho hautafaa kwa mbwa mdogo, tumia mzani wa watu, panda naye umembeba, shuka, toa uzito wako. Na hakikisha umechagua mnyama kwenye mashine, ikibaki kwenye mtu mzima itakutolea majibu ya mtu mzima.

Dopla inatoa kasi ya ajabu

Kwa ufupi. Kasi ikikatika juu na kutokea chini upande wa pili, umevuka kikomo cha mashine, ongeza skeli, shusha mstari wa sifuri, punguza kina. Kasi ikiwa ndogo kuliko ulivyotarajia ni pembe, ukiwa nyuzi 20 kutoka kwenye mkondo wa damu unapoteza kama asilimia 6, ukiwa nyuzi 60 unapoteza nusu nzima. Na kosa linazidi pale unapotafuta presha, sababu presha ni 4 zidisha kasi mara yenyewe: mita 5 kwa sekunde ni milimita 100 za zebaki, ukisoma 2.5 kwa sababu ya pembe unaandika 25.

Namba imepita kote na bado ni mbaya

Basi usikae nayo peke yako. Hospitali ya wanyama iko SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro, na siyo kila mwenye mbwa wa Lindi anaweza kusafiri naye mpaka huko, lakini video inasafiri. Rekodi vipande vifupi vya mapigo matatu mpaka matano, kimoja cha moyo kwa urefu, kimoja kwa upana kwenye misuli ya papila, kimoja kwa upana kwenye aota, na picha ya M-modi ambayo haijawekewa kesa ili atakayeipokea apime mwenyewe. Usirekodi skrini kwa simu ikiwa mashine inaweza kutoa faili, na usikate ile rula ya kina pembeni, bila hiyo hakuna atakayejua milimita yako ni ndefu kiasi gani. Kwenye ujumbe weka uzito, mapigo wakati wa kupima, joto la mwili, dawa na saa aliyopewa, masafa ya probu, fremu kwa sekunde, na useme mbwa alilala ubavu gani.